Nyangumi Aliyefia Turkana

Mazungumzo yetu ya leo ni habari za nyangumi. Lakini hatutaanza baharini. Tutaanza na fungu la mawe lililomwagwa kando ya njia huko Madale.

Madale ni nchi ya vilima iliyo nyuma ya Tegeta, upande wa kaskazini wa mji wa Dar es Salaam, katika wilaya ya Kinondoni. Zamani palikuwa mashamba na vichaka, na siku hizi watu wajenga nyumba kila upande, na kila ajengaye huagiza mawe. Jirani pana kilima cha Wazo, ambako tangu mwaka 1966 jiwe huchimbwa, likasagwa na kuchomwa, likawa saruji. Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu cha ualimu alikwenda kukaa Madale kwa mjomba wake wakati wa likizo, naye alipokuwa akisaidia kupanga mawe ya msingi aliona jiwe moja lenye vitundu vidogo vidogo kama nyota, vimepangana vizuri kama sega la nyuki. Alilitia mfukoni, akatuletea. Akauliza, "Mwalimu, hili ni tumbawe la baharini. Nani alilipandisha mlimani?"

Swali hili tuliwahi kuulizwa miaka mingi kabla ya siku hiyo, na mtoto mwingine, nasi tulimjibu upesi, kama walimu wafanyavyo wasipokuwa na hakika. Tulimwambia ya kuwa watu wa kale walilibeba kutoka pwani ili kuchoma chokaa. Jawabu lile halikuwa kweli. Baadaye tulipata nafasi ya kusimama mbele ya kilima kilichokatwa, tukaona ya kuwa ukuta wa jiwe umejaa matumbawe na makombe, yameshikamana kama yalivyomea. Hakuna aliyeyabeba. Bahari yenyewe ilikuwa pale, na matumbawe yalikua pale pale, kisha maji yakaondoka.

Basi mtu aweza kusema, Madale si mbali na bahari. Mtu hutoka Madale akaenda Kunduchi kwa miguu akarudi siku ile ile. Si ajabu kubwa bahari kupanda kidogo na kushuka. Ni kweli. Lakini je, ukiambiwa ya kuwa mfupa wa nyangumi umeonekana Turkana, katika jangwa la Kenya, mahali palipo maili 460 kutoka bahari ya leo, yaani kilomita 740, utasema nini? Huo ni mwendo mrefu kuliko kutoka Dar es Salaam hata Dodoma. Na mahali penyewe pana urefu wa mita 620 juu ya bahari, juu kuliko mji wa Morogoro. Hiyo ndiyo habari tuliyokuja kuisimulia.

Kwanza yafaa tujue nyangumi ni mnyama wa namna gani. Wengi wetu tulimsikia kwa mara ya kwanza darasani, katika kisa cha nabii Yona, tukamdhania kuwa samaki. Nyangumi si samaki. Ana damu ya moto, huvuta hewa kama sisi, huzaa mtoto akamnyonyesha. Wako nyangumi wasio na meno, ambao huchuja vijidudu vya majini kwa manyoya magumu yaliyo kinywani. Na wako wenye meno, na katika hao wamo pomboo tuwaonao wakiruka mbele ya mashua.

Mkubwa wa wenye meno ni yule ambaye hapa tutamwita nyangumi wa ambari. Dume lake hupata mita 16 na zaidi, na kichwa chake ni kama theluthi ya mwili wote. Hupiga mbizi zaidi ya mita 1,000 chini, mahali pasipo nuru hata kidogo, akatafuta ngisi wa kula. Midomo migumu ya ngisi hao humkera tumboni, na matumbo yake hufanya kitu kama nta cha kuizunguka; ndiyo ambari, ambayo hutupwa na mawimbi ufukoni, na ambayo wazee wetu wa pwani waliifukiza na kuiuza kwa bei kubwa. Al-Masudi, msafiri Mwarabu aliyefika pwani hizi yapata mwaka 916, aliitaja ambari ya nchi ya Zanji. Na katika karne ya 19 meli za Wamarekani zilizunguka bahari yetu kumwinda mnyama huyu kwa ajili ya mafuta ya kichwani mwake, wakatia nanga Unguja kupata maji na vyakula. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said ulifanywa mwaka 1833, na balozi wao wa kwanza alikaa Unguja tangu 1837. Kwa hiyo mnyama huyu si mgeni katika tarehe ya nchi yetu, ijapokuwa ni wachache waliomwona.

Jamii yake ni ya kale sana. Nyangumi wa ambari wa leo ana meno ya kufaa katika taya la chini tu, lakini zamani walikuwako jamaa zake waliokuwa na meno makubwa juu na chini, nao hawakula ngisi tu bali waliwala nyangumi wenzao. Mwaka 2008 wataalamu waliokuwa wakitafuta mifupa katika jangwa la Peru, Amerika ya Kusini, mahali paitwapo Cerro Colorado, waliona fuvu la mmoja wao. Fuvu peke yake lilikuwa na urefu wa mita 3, na jino lake kubwa lilipata sentimita 36, yaani kupita kipimo cha rula ya shule. Aliishi yapata miaka milioni 9 au 10 iliyopita. Mwaka 2010 walimpa jina Leviathan, kwa kumfuata yule mnyama wa kutisha atajwaye katika kitabu cha Ayubu. Lakini ikaonekana ya kuwa jina hilo mtu mwingine alikwisha kumpa mnyama wa kale wa jamaa ya tembo, na kwa sheria ya wataalamu wanyama wawili hawawezi kushirikiana jina. Ikawabidi kuliandika kwa namna ya Kiebrania, Livyatan. Jina la pili, melvillei, ni heshima kwa Herman Melville, Mmarekani aliyetunga kitabu mashuhuri cha kisa cha nyangumi mweupe. Fuvu lenyewe limo katika makumbusho ya mji wa Lima, katika nchi ile ile alimokufa. Twaomba mlishike neno hili la mwisho, kwa sababu tutalirudia.

Sasa twende Turkana.

Katika mwaka 1964 watu wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, walikuwa wakichimba mifupa upande wa magharibi wa ziwa ambalo siku zile liliitwa Rudolf, na ambalo tangu 1975 laitwa Turkana. Mahali penyewe ni Loperot. Jua ni kali, miti ni ya miiba, na maji ni ya kutafutwa. Katika mawe yaliyofanywa na matope ya mto wa kale walikuta mifupa iliyogeuka jiwe, ambayo siku hizi huitwa visukuku. Mmoja wao, kijana James Mead, alipata kipande cha kichwa chenye mdomo mrefu. Hakikuwa cha mamba, wala cha kiboko. Kilikuwa cha nyangumi.

Huyu hakuwa nyangumi wa ambari. Alikuwa wa jamaa ya pili, nyangumi wenye mdomo mrefu kama wa pomboo, ambao nao wana meno, nao hupiga mbizi mpaka vilindini na kufyonza ngisi. Tabia zao zafanana sana, hata mtu akiwaita majirani hajakosea. Urefu wake ulikuwa kama mita 7. Na jambo la kustaajabisha ni hili: wote wa jamaa hii, wa leo na wa kale, ni wanyama wa bahari kuu. Hawapendi hata maji ya pwani yasiyo na kina. Huyu alikuwa akitafuta nini Turkana?

Mead aliandika habari zake katika mwaka 1975. Kisha jambo la aibu likatokea: mfupa ukapotea. Ulikuwa umepelekwa Marekani ili uchunguzwe, na alipotaka kuutazama tena mtaalamu Louis Jacobs, aliyekuwa mkuu wa idara ya visukuku katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuupata. Alitafuta huku, akauliza huko. Miaka 30 na zaidi ikapita. Wakati huo wote mfupa ule, ambao ni wa pekee katika bara la Afrika ya Mashariki, ulikuwa umelala katika ghala kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Ukaonekana mwaka 2011, huko huko Harvard.

Hapo twasimama kidogo, kwa kuwa jambo hili latugusa sisi watu wa Tanzania pia. Huko Tendaguru, katika nchi ya Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa miaka milioni 150 iliyopita, toka 1909 hata 1913, na wenyeji kwa mamia waliichukua vichwani mpaka bandarini. Leo mmoja wao asimama katika makumbusho ya Berlin, kimo chake mita 13, na watu wa mataifa yote huenda kumtazama. Mtoto wa Lindi hajamwona. Lakini angalau yule wa Berlin haukupotea mfupa wake. Kila mtu ajua ulipo. Nyangumi wa Loperot alitoka kwao, akakosa hata hicho. Mfupa wa kale usiojulikana ulipo hauna faida kuliko kokoto, nao ukiwa umeondolewa mahali pake umekwisha kupoteza nusu ya ushahidi wake, maana mahali ndipo panaposema. Kama Mead asingaliandika kwa uangalifu jina la Loperot na tabaka la jiwe lililokuwa na mfupa, kuonekana tena mwaka 2011 kungekuwa bure.

Na ushahidi wenyewe ni huu. Jiwe la mahali pale lilijulikana umri wake kuwa miaka milioni 17. Pengine mtauliza, nani alihesabu? Penye mawe yaliyomwagwa na milima ya moto mna kitu kiitwacho potasiamu, na sehemu yake ndogo hugeuka polepole kuwa hewa iitwayo agoni, kwa mwendo usiobadilika. Mtaalamu hupima hewa iliyokusanyika ndani ya jiwe, kama vile mtu ajuavyo muda uliopita kwa kutazama maji yaliyodondoka katika mtungi.

Basi miaka milioni 17 iliyopita nyangumi alikufa Loperot. Lakini mifupa iliyokuwa pamoja naye ni ya wanyama wa mtoni na wa nchi kavu. Kwa hiyo bahari haikufika pale. Yeye ndiye aliyeiacha bahari, akaingia katika mlango wa mto mkubwa uliotoka bara kwenda Bahari ya Hindi, akapotea njia, akapanda na mto siku baada ya siku mpaka akafa. Jambo la namna hii si hadithi. Mwaka 2006, mwezi wa Januari, nyangumi wa jamaa hiyo hiyo aliingia katika mto Thames, akaonekana katikati ya mji wa London, akipita mbele ya nyumba ya Bunge la Uingereza huku watu wamejaa kingoni. Walijaribu kumwokoa kwa kumpakia katika mashua, akafa njiani tarehe 21. Tofauti ni kwamba yule wa Turkana hakuwa na mtu wa kumtazama, kwa sababu wanadamu walikuwa hawajatokea.

Nyangumi aweza kupanda mto, lakini hawezi kupanda maporomoko. Mnyama wa mita 7 ataka maji ya kina, na mto wa pole, usio na miamba. Hebu mfikirini mto Rufiji: nyangumi angeingia katika mikoko, angepanda kidogo, na alipofika penye miamba ya Stigla safari yake ingekwisha. Ili afike Loperot, nchi yote toka pwani mpaka Turkana lazima ilikuwa tambarare kama kitanga cha mkono. Wataalamu walioandika habari hii mwaka 2015, wakiongozwa na Henry Wichura wa Potsdam, Ujerumani, na miongoni mwao Jacobs, pamoja na Fredrick Kyalo Manthi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walifanya hesabu kwa kuitazama mito mikubwa ambayo wanyama wa baharini huipanda siku hizi. Wakaona ya kuwa Loperot ya siku zile ilikuwa mita 24 mpaka 37 tu juu ya bahari. Leo ni 620. Basi nchi imeinuka zaidi ya mita 580, na mfupa umeinuka pamoja nayo, kama kombe lililosahauliwa juu ya mkeka unaonyanyuliwa.

Nini iliyoinyanyua? Chini kabisa ya Afrika ya Mashariki mna mwamba wa moto mwingi, ambao husogea juu polepole sana. Nchi iliyo juu yake hufura, kama chapati ifuravyo katikati juu ya chuma cha moto. Na ilipofura ilipasuka, na mipasuko hiyo ndiyo Bonde la Ufa tulijualo, lenye maziwa na milima ya moto.

Tena wakati wa kufura huko unajulikana pande zote mbili. Katika Kenya uko uwanda wa Yatta, ambao ni ulimi mrefu wa lava iliyomiminika katika bonde la mto wa kale yapata miaka milioni 13 na nusu iliyopita. Kwa kuupima mwinamo wa lava ile, Wichura na wenzake walikwisha kuonyesha mwaka 2010 ya kuwa chimbuko lake wakati ule lilikuwa limekwisha kuinuka kiasi cha mita 1,400. Basi nyangumi asema, "Nilipopita mimi, nchi ilikuwa chini", na Yatta yasema, "Nilipomiminika mimi, nchi ilikuwa juu." Katikati ya mashahidi hao wawili, nchi yetu ilibadilika.

Na mabadiliko hayo hayakuwa ya mawe peke yake. Pepo za Bahari ya Hindi huleta mvua. Nchi ilipokuwa chini, pepo zilipita zikafika mbali bara, na misitu ya mvua ilienea mahali ambapo leo ng'ombe hutafuta majani makavu. Nchi ilipoinuka ilizikinga pepo, mvua ikapungua, misitu ikakatika vipande, mbuga za nyasi zikaenea kati yake. Katika nchi hiyo mpya, baada ya mamilioni ya miaka, ndipo walipotokea viumbe waliosimama kwa miguu miwili, na nyayo zao zimeonekana kwetu Laetoli, katika majivu ya mlima wa moto, umri wake zaidi ya miaka milioni 3 na nusu. Hatusemi nyangumi ndiye aliyeleta hayo. Twasema tu kwamba tukitaka kujua tangu lini mvua ilianza kuwa haba katika nchi ya Turkana, saa ya kwanza tuliyo nayo ni mfupa wake.

Sasa wako watu ambao wakisikia hesabu za mamilioni hucheka. Mzee mmoja wa Madale, tuliyemsimulia habari hii barazani pake, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimevua miaka 40, na papa nimemwona, na nguva nimemwona. Samaki mkubwa hapandi mto ila amefuata kitu." Tukamwuliza amefuata nini. Akasema, "Hilo mngemwuliza yeye." Hatukuwa na la kumjibu, na mpaka leo hatuna. Huenda alikuwa mgonjwa, huenda alipotea kama yule wa London.

Twajua ya kuwa visukuku havimngojei mtaalamu. Jino la nyangumi mkubwa wa kale, jamaa ya yule wa Peru, lenye urefu wa sentimita 30, lililotangazwa mwaka 2016, liliokotwa katika ufuko wa Beaumaris, Australia, na mtu aliyekuwa akitembea, naye akalipeleka makumbusho. Na katika pwani yetu, toka Wazo hata Kilwa na Lindi, mashimo ya mawe na ya udongo ni mengi, na kila siku sululu na mashine zafanya kazi. Yapitayo katika tanuri la chokaa hayarudi.

Lile jiwe la mwanafunzi wetu halikuwa na jino wala mfupa, bali tumbawe tu. Hata hivyo tulimtuma arudi Madale akamwulize mjomba wake mwenye gari aliyachukua mawe shimo gani. Ilimchukua siku mbili. Alipokuja na jawabu tuliandika katika karatasi jina la shimo, kina ambacho wachimbaji walimwambia, na tarehe, tukaibandika chini ya jiwe kwa gundi, tukaliweka katika kabati la darasa, rafu ya pili, upande wa dirisha.